Vyoo Vilivyo Kati ya Bombo na Mulago

Nilikuwa mtunza stoo kambini, miaka ishirini na sita.
Blanketi, buti, sufuria, kamba:
kila kitu kiliingia kwa sahihi, kikatoka kwa sahihi.
Ndiyo maana nahesabu.

Cha kwanza kipo kituo cha petroli, Matugga.
Shilingi mia tano, na mlinzi haulizi mara mbili.
Cha pili, msikitini Kawempe. Bure, ila ngazi ni tisa,
na ngazi tisa ni mlima kwa mtu aliyebanwa.
Bwaise hakuna. Bwaise unamtaja Mungu na kukaza meno.
Kalerwe yupo mama mmoja, muuza matumbo ya ng'ombe,
aliyeniona siku moja nimekunja uso
akanipa ufunguo bila neno.
Jina lake silijui. Daftarini nimemwandika: Kalerwe, wema.

Sebit, mkwe wangu, ndiye anayeniendesha.
Amejifunza kusimamisha pikapu kabla sijasema.
"Gurudumu hili silielewi," husema, akaliinamia,
nami naruka mtaro na miaka yangu sabini na moja.

Na Mulago wanataka kinyume!
Kunywa vikombe vitatu, ngoja, kibofu kijae,
utumbo usogee pembeni, miale isiuguse.
Tunakaa benchi moja wanaume saba,
tumejaa kama mapipa ya mvua,
hakuna anayethubutu kucheka.
Kisha binti Nalweyiso ananilaza,
anazitafuta nukta tatu za wino alizonichanja siku ile ya kwanza.
"Usitikisike, jjajja."
Mashine inanizunguka, inavuma
kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe.
Haiumi. Naapa, haiumi hata chembe.
Maumivu yana adabu, yanakusubiri nyumbani.

Wiki ya nne nikawa nakojoa pilipili.
Mara tano usiku, mara sita,
tochi mkononi, kandambili mguu mmoja.
Tumbo nalo likaanza amri zake, sasa hivi au sasa hivi,
na asubuhi moja nikaona uzi mwekundu.
Daktari akasema tuliutarajia, ukizidi niambie.
Akaandika. Nami nikaandika.
Uchovu sikujua niuandike wapi.
Nimebeba magunia maisha yangu yote, nimechoka nikajua kwa nini.
Huu wa sasa hauna gunia.

Udhu wangu haufiki mkekani.
Nikiinama rukuu, tone.
Sheikh Kheirallah akaniambia, una udhuru,
vaa kitambaa, tawadha kwa kila sala, swali.
Mungu hahesabu matone.
Nikamwambia: mimi nahesabu.

Kuna ukurasa mmoja nimeuacha mweupe.
Medina hajauliza.
Anasuka tabaka lake, rangi juu ya rangi,
na taa ikizimwa tunalala kama vijiko viwili
ambavyo havikumbuki ni vya sahani gani.
Usiku mmoja nilimwambia, sindano zimenizima, na miale imemalizia.
Akanyamaza. Nikasikia paka juu ya bati.
Mimi wakati huo joto la sindano lilikuwa limenipanda,
jasho shingoni, kifua tanuri,
na yeye miguu yake ni baridi tangu ndoa yetu,
baridi ya kuamsha maiti.
Akaichukua yote miwili, akaibandika kwenye ndama zangu.
"Angalau," akasema, "sasa unafaa kitu."
Tulicheka hadi nikalazimika kukimbia.
Sikuwahi kufika. Naye alicheka zaidi.

Leo ilikuwa ya thelathini na saba, ya mwisho.
Nalweyiso alinishika mkono kwa mikono miwili.
Daktari akasema, mengine yatapungua, mengine tutaona,
njoo baada ya wiki sita.
Nilipovua kanzu nyumbani, kitu kikalia sakafuni:
ufunguo wa Kalerwe.
Umeingia bila sahihi.

Nimempigia Sebit. Kesho tunaurudisha.
Akauliza, safari yote hiyo, kwa ufunguo?
Nikamwambia aje mapema,
na asisahau kutoelewa gurudumu.